Moshi wa Shefu, Moyo wa Papa

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipoajiriwa kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali pale Kisangani, enzi za Zaire, tulipokuwa tukiitana citoyen na citoyenne badala ya bwana na bibi. Chumba kilikuwa na watu watatu: shefu wetu, mimi, na mzee mmoja kutoka Maniema aliyetunza mafaili. Mzee huyo nilimwita papa, yaani baba. Alikuwa Mwislamu, na hakuwahi kuweka sigara mdomoni.

Shefu alivuta tangu tulipomaliza kuimba nyimbo za chama asubuhi mpaka saa ya kutoka. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari ili ubaridi wa klimatizeri, mashine ya kupoza hewa, usitoroke. Mashine ile haikuleta hewa mpya, ilizungusha ileile. Nikirudi nyumbani Mangobo, mama alinusa kitenge changu na kuuliza kama nimeshinda nikikausha samaki.

Hakuna aliyethubutu kusema. Shefu alikuwa mkubwa wa chama hapo ofisini. Likizo, uhamisho, hata ruhusa ya kwenda kuzika, vyote vilitaka sahihi yake.

Siku moja papa aliinuka kuchukua faili, akashika kifua, akateremka taratibu mpaka sakafuni huku amekumbatia kabati. Nilimpeleka hospitali.

"Papa, unavutaka sigara?" daktari aliuliza.

"Hata moja, dokta."

Nikadakia: "Shefu yetu ndiye anavutaka. Tunashindaka naye siku muzima, madirisha yote imefungwa."

Daktari aligeuza karatasi ya dawa, akachora duara. "Hii ni himoglobini, molekuli yenye kubeba oksijeni ndani ya damu. Bon, mu moshi muko gesi, monoksidi ya kaboni. Inashika himoglobini kwa nguvu kupita oksijeni, na haiachiake mbio. Donc damu inafika ku moyo, lakini nafasi ya oksijeni imekamatwa. Tena nikotini inasukuma moyo ukimbie. Unaomba mingi, unapata kidogo."

Akachora mshipa. Alisema moshi huumiza utando laini wa ndani, kisha chembe za kugandisha damu huanza kushikana pale kana kwamba kuna kidonda. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba utando huo hutengeneza nitriki oksidi, inayoilegeza mishipa, na kwamba moshi huiharibu gesi hiyo.

Daktari aliandika barua: papa ahamishiwe chumba kisicho na moshi. Shefu aliisoma, akawasha sigara nyingine kwa kipisi cha ile iliyokuwa inaisha.

"Sigara ni yangu, moyo ni yake. Vinakutana wapi?" Akaitia barua kwenye droo.

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Citoyen chef, tufungue dirisha moja tu."

Hakukasirika. "Citoyenne, mulango iko wazi kwa kila mutu mwenye kuchoka na kazi."

Nikakaa. Nyumbani watu saba walinitegemea. Nilianza kugonga herufi huku nikisikia moyo ukidunda shingoni. Zamani nilikohoa tu. Sasa nilijua kinachotendeka ndani ya damu yangu, na kujua huko kulinibana kuliko moshi wenyewe. Nilijaribu kuvuta pumzi fupifupi. Nusu saa haikupita, kizunguzungu kikanikamata, nikavuta ndefu kama wengine.

Papa aliendelea kuja kazini majuma saba. Alianguka tena, safari hii kwenye ngazi, na hakurudi ofisini. Ndugu zake walimpakia kwenye treni mpaka Ubundu, kwa mdogo wake.

Nilipopata likizo nilikwenda kumwona. Alinipokea barazani, amekonda. Alitembea hatua kumi, akasimama, akashika ukuta, akasubiri pumzi imrudie.

"Uko bado mule ndani?" aliniuliza.

"Niko, papa."

Alinisogezea kiti penye upepo. Kisha akamwita shemeji yake aniletee chakula. Tulikula pondu, yale majani ya muhogo, na samaki, tukazungumza juu ya mvua na watoto wa mdogo wake. Siku ya pili nikapanda treni kurudi kazini. Nilibaki katika chumba kile miaka minne zaidi.