Vidonge vya Mfukoni

Mama Pasi hakuwahi kupoteza kitu cha mtu. Hilo lijulikane kabla ya mengine, maana watu wana midomo, na siku hizi kila mwenye ulimi anajifanya alikuwepo.

Alikuwa dobi wa hospitali tangu kichwa chake hakijaota hata unywele mmoja wa mvi. Koti jeupe la daktari likifika mezani kwake, kabla halijaonja maji, alilikung'uta, akaingiza vidole mifukoni, akatoa kilichomo: kalamu, funguo, pipi, vikaratasi vyenye namba za simu ambazo hakuuliza ni za nani. Vyote alivitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga uliokaa dirishani, na mwenye chake alikuja kukichukua. Kusoma alisoma kidogo tu. Jina lake aliliandika kwa kuikaba kalamu shingo, na maneno marefu yalimchosha macho. Lakini mifuko aliisoma sawasawa. "Yule anayewakataza wagonjwa sukari," aliwaambia wasaidizi wake, "njooni mwone mfuko wake ulivyojaa pipi." Kwa hiyo daktari akisema jambo, Mama Pasi alisubiri kwanza koti lije kufuliwa ndipo aamini.

Kisha ile homa ya mapafu iliyokuwa ikizunguka dunia ikabisha hodi na kwao.

Mashuka yakaanza kuja kwenye mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa utepe mwekundu. Mama Pasi aliifungua roho ikiwa mkononi, amejifunga barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na glavu zilizomfika kwenye viwiko. Haikupita muda akajua jambo ambalo angetamani asilijue. Shuka la mtu anayepona lilikuja limesokoteka, lina jasho, lina mchuzi, lina chai. Shuka la aliyekwenda lilikuja limenyooka, kama halikulaliwa na mtu. Na yaliyonyooka yakawa mengi kuliko yaliyosokoteka. Jioni akirudi nyumbani, nyumba yenyewe ikiwa nyuma tu ya ukuta wa hospitali, alimweleza mumewe. Mzigo kama ule angeubebaje peke yake? Mumewe alikuwa fundi redio, mtu wa maneno machache, meza yake ya kazi imejaa nyaya sebuleni. Alimsikiliza huku ameshika bisibisi, asiikaze wala kuilegeza.

Uani, kwenye kamba za kuanikia, ndiko madaktari walikokuja kuvua barakoa zao wapumue. Hawakujua kwamba shuka lililoanikwa halizibi sauti, au walijua na hawakujali. Mama Pasi akiwa upande wa pili na vibanio mdomoni, aliwasikia wakivutana. Daktari Mkuu, mzee mwenye mabega yaliyoshuka, alisema hatampa mgonjwa dawa isiyojulikana inafanya nini, na waliopewa wakapona pengine wangepona vilevile. Daktari mwenzake, ambaye Mama Pasi alimwita Daktari Binti kwa kuwa umri wake ulikuwa wa bintiye wa mwisho, alisema mtu akianza homa ndipo apewe, mapema, si kungoja mapafu yajae halafu wamkimbilie na mtungi wa hewa.

"Na moyo ukisimama kwa hiyo dawa yako ya mapema?" aliuliza Daktari Mkuu.

"Na ukisimama kwa kungoja?"

Wakavaa barakoa zao wakarudi ndani.

Habari ilifika jikoni kabla chai haijachemka. Kila mtu akawa daktari. Mlinzi alikuwa upande wa Binti. Mfagizi alisema dawa ipo, wakubwa wameificha wanakunywa wao na watoto wao. Mwingine akaapa kwa mvuke, kwamba ukijifunika blanketi juu ya sufuria ya moto ugonjwa unatoka wenyewe. Mpishi akamwambia, "Mwenzangu, mimi ninashinda juu ya sufuria tangu nizaliwe. Kama mvuke ni dawa basi mtanizika mwaka ambao dunia imeisha." Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, na kila mmoja aliondoka akijigusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja.

Mama Pasi alirudi kwenye pasi yake. Lile neno la mfagizi lilikuwa limemkaa.

Wiki ile ile mumewe akaanza kukohoa. Alikanusha mwanzoni, akasingizia moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya. Kisha homa ikampanda, akalala. Mama Pasi alipomwambia waende hospitali, ni ukuta tu wa kuzunguka, mzee aligeukia ukutani.

"Siendi."

"Unakataa nini, baba watoto?"

"Si wewe unayeniambia mashuka yanavyorudi?"

Ni kweli alimwambia yeye mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa mdomo wake.

Kesho yake koti la Daktari Mkuu lilikuja kufuliwa. Alilikung'uta, akaingiza vidole, akakuta karatasi ya vidonge, vyeupe, vidogo, baadhi vimeshatobolewa. Mama Pasi alisimama navyo. Nyuma ya karatasi palikuwa na jina, refu, la kigeni, na kona yake moja imekatika. Angeweza kumwita msaidizi amsomee. Lakini aulize nini, na yeye ndiye aliyewafundisha kazi wote mle ndani? Na zaidi ya hapo, aliona hana haja ya kusomewa. Huyu ndiye mzee anayesimama getini kila asubuhi na kipaza sauti, anatangaza kwamba kidonge hakuna, watu wasihangaike. Na kidonge hiki hapa, kwenye mfuko wake, kinapungua.

Mkebe ulikuwa dirishani, wazi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, kitu cha mtu hakikuingia humo. Kiliingia kifuani kwake, chini ya gauni.

Jioni alimpa mumewe kidonge, asubuhi akampa kingine. Na kweli, aliona mabadiliko. Mzee alilala. Kikohozi kilichokuwa kikimrusha kitandani kikanyamaza. Asubuhi alipomwamsha alifungua macho kwa shida, akatabasamu kama mtu aliyeko mbali, akalala tena. Mama Pasi alikwenda kazini akitembea kama mwenye siri ya dunia. Alimpita mfagizi akamwinamishia kichwa, tena kwa heshima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alikuwa anapuliza makaa ya pasi aliposikia mkebe unagongwagongwa dirishani. Daktari Mkuu alikuwa amemwaga vilivyomo, anavipekua kwa kidole kimoja. Daktari Binti alikuwa nyuma yake, ameegemea nguzo.

"Mama Pasi, hukuona vidonge vyangu?"

"Sikuona, Daktari." Lilimtoka lenyewe. Kukiri kwamba kitu kimepotea mikononi mwake, bora angemeza pasi.

"Basi nimeviangusha." Akamgeukia mwenzake. "Leo nitakesha tena. Tangu haya yaanze, bila vile vya usingizi sifumbi jicho."

Mama Pasi aliweka pasi chini. Aliiweka juu ya koti, si juu ya kibao, na hakuona. Vya usingizi. Kikohozi kilichonyamaza. Tabasamu la mtu aliyeko mbali. Harufu ya kitambaa kinachoungua ndiyo iliyomzindua, na alipofungua mdomo sauti haikuwa yake.

"Vipo kwangu. Nimempa mume wangu. Ana hiyo homa."

Alingoja kufokewa. Kufokewa kungemsaidia, angepata cha kujibu. Lakini Daktari Mkuu alisogea dirishani, akauliza polepole, "Anahema vipi?"

"Alikuwa ametulia."

"Sikuuliza kutulia, Mama Pasi. Anahema vipi?"

Hakujua. Alikuwa ametazama uso, ametazama kikohozi, na pumzi hakuitazama.

Walikwenda na machela kwa mlango wa nyuma, Mama Pasi mbele, kiatu kimoja kikimvuka njiani asirudi kukiokota. Mumewe alikuwa vilevile alivyomwacha, ila midomo yake ilikuwa na rangi ya wino, na kifua kilipanda kidogo, kikakaa, kikakaa, halafu ndipo kikashuka. Wakambeba. Muuguzi akasema mashuka yameisha wodini, na Mama Pasi alijua yako wapi, yalikuwa yake, mabichi kwenye kamba. Akavuta shuka la kitanda chao, lile lenye kiraka cha shati la mumewe, akakimbia nalo.

Mlangoni pa wodi walimzuia. Madaktari wawili walitoka wakavutana mbele yake, safari hii bila shuka katikati. Binti alitaka waanze dawa yake saa ile ile. Mkuu alisema mwili umeshalewa usingizi, usiongezewe mzigo mwingine. Kisha wote wawili wakamgeukia yeye, kwa kuwa ndiye mke. Akamuuliza yule mdogo:

"Ingekuwa mumeo?"

Daktari Binti aliinamisha macho. "Ningeogopa kumpa, mama. Na ningeogopa kutompa."

"Mimi nilidhani mnayo dawa mnatuficha," Mama Pasi alimwambia yule mkubwa.

"Ingekuwepo," alisema Daktari Mkuu, "nisingekuwa nakunywa vile."

Hapo ndipo hofu ilipomshika barabara. Alikuwa akiwaogopa wanaoficha. Sasa aliona hakuna kilichofichwa, mifuko ni mitupu, na hawa wenye makoti aliyoyanyoosha yeye wanatetemeka kama yeye.

"Basi mpeni hewa," alisema. "Kitu cha kubahatisha asipewe tena."

Wakampa hewa, wakamlaza kifudifudi, wakasema ni kungoja.

Alingoja akifanya kazi, maana nyumbani kulikuwa na nyaya na bisibisi na kitanda kitupu kisicho na shuka. Vidonge vilivyobaki alivirudisha kwenye mkebe, juu kabisa, vionekane. Koti lililoungua alilitia kiraka kwa mkono, na daktari akalivaa hivyo hivyo. Kila mfuko wa utepe mwekundu ulipoletwa aliufungua mwenyewe, hakumwachia msaidizi. Vidole vilitangulia, macho yakafuata kwa kuchelewa. Nyooka. Nyooka. Sokoteka. Nyooka. Hakikuja kiraka. Siku ikapita, na nyingine, akaanza kuomba kisije kabisa, kwa kuwa kisipokuja hakuna ajualo.

Kikaja asubuhi, katikati ya mfuko, kimebanwa na mashuka mawili yaliyonyooka. Alikijua kwa kukigusa, ile mishono yake mikubwa. Alifumba macho akavuta. Shuka lilikuja kwa shida, limejikunja, limejisokota kama kamba ya kisima, linanuka jasho, na alipolitandaza mezani lilikuwa na doa la chai pana kama sahani.

Mzee wake hakuwahi kushika kikombe vizuri maisha yake yote.

Mama Pasi aliketi juu ya karai lililopinduliwa. Msaidizi wake alisogea, akalitazama doa, akauliza kwa woga kama litatoka.

"Lisipotoka basi," alisema, akanyoosha mkono kuufungua mfuko mwingine.