Kuanikwa Juani Maganzo

Miaka ya sabini nilifanya zamu ya usiku kwenye mgodi wa almasi, miaka sita mfululizo. Waliponihamishia mchana, mwili ulikataa kuhama. Kitandani nilikodoa macho mpaka karibu na alfajiri, na kazini nikasinzia nimesimama. Msimamizi, ambaye mwenyewe alikoroma ofisini kila baada ya chakula, akaniandika mvivu.

Mji wetu wa Maganzo wote ukawa wa madaktari. Shemeji yangu, dalali wa almasi asiyeamka kabla ya saa nne, alitamka kwa uhakika kuwa nimerogwa, akanifunga hirizi mkononi. Jirani, fundi cherehani, alinishauri ninywe gongo. Niliijaribu. Nililala kama gogo kwa saa mbili tu, nikaamka kichwa kinagonga.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka zahanati. Muuguzi, mama wa makamo, alinisikiliza huku akikunja bendeji.

"Kuanzia kesho, jua likichomoza uwe nje," alisema. "Kaa nusu saa, ila usilitazame jua lenyewe. Jioni zima taa ya karabai mapema, tumia mwanga hafifu wa kibatari."

"Na vidonge, mama?"

"Zamu za usiku wodini nimezifanya kuliko wewe. Vidonge havikunisaidia. Nenda."

Nilimdharau. Kutembea kote kule kuja kuambiwa nikaote jua! Mke wangu hakumdharau. Asubuhi yake alinivuta shuka, akaniketisha uani kwenye kigoda, akafagia akinizunguka ili nisitoroke. Waendao kisimani walichungulia. Shemeji naye alipita, akitoka kilabuni wakati wenzake wanaenda kazini.

"Naona dada kakuanika kama michembe ya viazi," alisema.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya pili macho yakaanza kuwa mazito mapema kidogo. Kufika wiki ya tano nilikuwa nalala saa nne usiku, naamka bila kuvutwa shuka. Shemeji akatangaza kuwa ni hirizi yake, na watu, kwa upumbavu wao wa kawaida, wakamfuata wafungwe za kwao. Yangu nilikuwa nimeshaitupa chooni zamani.

Nilirudi zahanati kumshukuru yule mama. Akaniuliza tu kama bado naota jua. Nikamjibu kwamba Jumapili napumzika.

"Jumapili nayo," akasema, akaita mgonjwa mwingine.