Maneno Aliyoyaongeza Rwamba

Rwamba, ambaye wengi humwita Mama Mugendi, hajawahi kuhubiri, lakini upande wetu wa Kiritiri hakuna mtu aliyesikilizwa kanisani kuliko yeye. Kila mhubiri mgeni, awe ametoka Nairobi au Meru mjini, hupitia mdomoni mwake kabla ya kutufikia. Mgeni husema kwa Kiingereza, naye Rwamba hutuambia kwa Kimbeere. Na kwetu mkalimani hamwachi mgeni aaibike. Mhubiri akisahau mstari, Rwamba huutaja. Akipotea katikati ya mfano wake, Rwamba humshika mkono na kumrudisha nyumbani. Wahubiri wengi wamesifiwa hapa kwa mahubiri ambayo hawakuyatoa.

Basi Misheck, katibu wa chama katani, akatazama kwenye simu yake midahalo ya Wamarekani wanaogombea tiketi ya urais, akapoteza akili. Alipenda mimbari zile, kengele ya muda, tai nyekundu, na jinsi mtu anavyoweza kuulizwa juu ya mkate akajibu juu ya bendera. Ilipofika wakati wa mchujo wa udiwani, akaamua nasi tuwe na mdahalo. Mimbari ziliazimwa kanisani, msalaba wa moja ukafunikwa kwa kitambaa cha chama. Kengele ilikuwa ya shule. Na amri ilikuwa moja: Kiingereza tu, ili video ifike mbali. Wagombea walikuwa Wambeere, wasikilizaji Wambeere, kwa hiyo akatafutwa mkalimani.

Rwamba alikubali kwa sababu ya mto. Kiangazi mto wetu hukauka juu, maji yakajificha chini ya mchanga. Akina mama huchimba visima vidogo kwa mikono na kungoja maji yajae taratibu, masafi kuliko ya mfereji. Lakini lori za Ndambiri zilikuwa zikibeba mchanga huo kwenda kujenga maghorofa ya watu wengine, na kila zilipopita, kisima cha Rwamba kiligonga mwamba. Ndambiri alikuwa mmoja wa wagombea. Rwamba alitaka aulizwe juu ya mchanga, na yeye awe karibu vya kutosha kumwona akimeza mate.

Wa kwanza kusema alikuwa Oscar Mutugi, kijana wa ofisini. Alinyoosha kidole hewani, akakunja ngumi, akatabasamu upande ambao hapakuwa na mtu. Ilionekana amejifunza mbele ya kioo. Alizungumza juu ya ndoto mpaka kengele ikalia, na ndoto ikaishia hapo.

"Huyu amemeza redio," alisema Ngari, mchuuzi wa mbuzi, kwa sauti ya kusikika.

"Tazama viganja," alidakia Ruguru, jirani yake Rwamba. "Hivyo vimewahi kushika jembe?"

"Afadhali Ndambiri. Ameshashiba. Huyu mwembamba ndiyo kwanza anatafuta sahani," alijibu Ngari.

Hivyo ndivyo tulivyowapima: kiganja, tumbo, kiatu. Sikusikia mtu akirudia hata neno moja lililosemwa kuhusu zahanati.

Kisha Ruguru akasimama, akauliza juu ya mchanga.

Ndambiri aliegemea mimbari. Akasema kwa Kiingereza kwamba mchanga ni rasilimali. Akasema washikadau. Akasema kusonga mbele, na kwamba yeye, kama yeye. Sentensi ilikuwa imekatika na hakujua ncha yake iko wapi. Akamgeukia Rwamba kwa macho yaleyale ya mhubiri aliyepotea.

Na mdomo wa Rwamba, uliozoea kuokoa, ukaenda kumwokoa.

"Anasema mto ni wa akina mama," alisema kwa Kimbeere. "Anasema lori zake hazitakanyaga tena penye visima vyetu."

Hakukusudia kudanganya. Alisema kile ambacho mtu timamu angesema akiulizwa swali lile. Vigelegele vikapasua turubai. Ndambiri, aliyenyonya akisikia Kimbeere, alielewa kila neno. Akaweka mkono kifuani, akainama.

Alishinda mchujo. Wino haujatoka vidoleni mwetu, lori zikarudi mtoni. Ruguru na wenzake wakamfuata hotelini, ambako alikuwa akitafuna nyama ya mbuzi.

"Mheshimiwa, si uliahidi?"

Wanamwita mheshimiwa hata kabla hajaapishwa. Hata wakimlaumu.

"Mimi?" Ndambiri alicheka, mafuta mdomoni. "Mimi nilisema Kiingereza, na video iko. Muulizeni Mama Mugendi aliyaokota wapi hayo."

Wakateremka mtoni. Rwamba alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo lake kavu. Ruguru hakupiga kelele; angepiga, ingekuwa nafuu.

"Mama Mugendi, sisi hatukumchagua Ndambiri. Tulikuchagua wewe."

Kuanzia hapo, kila Jumapili Rwamba aliposimama kando ya mgeni, watu walimtazama mgeni midomo, hata wale wasiojua Kiingereza. Mtoni, akina mama walisogeza vibuyu vyao mbali na chake. Alikuwa amefiwa na mume na kuuza shamba la juu, lakini hakuwahi kupoteza kitu kama hiki, kwa maana hiki alikitoa kwa mkono wake, akampa mtu asiyestahili hata maji ya kunawa.

Kampeni kuu zilipoanza, Ndambiri alileta wageni wa Nairobi na kamera zao. Kiingereza tena. Akatuma aitwe "yule mama mwenye baraka." Rwamba akaja, kitambaa kimefungwa kichwani kama siku ya ibada.

Ndambiri alisema, akapotea palepale alipozoea kupotea, akamgeukia.

"Anasema: mchanga ni mali," alisema Rwamba. "Anasema: wenye mambo yao. Anasema: kwenda mbele. Anasema: yeye, kama yeye." Akangoja. "Basi. Hapo ndipo alipoishia."

Mahali fulani mbuzi alikohoa.

"Kumbe ndivyo anavyozungumza?" aliuliza Ngari.

Ndambiri akainama, kipaza sauti bado mkononi, akamwambia kwa Kimbeere, kwa meno, "Tafsiri vizuri, mwanamke. Ongeza kitu, kama siku ile!"

Hilo halikuhitaji mkalimani. Lilifika hadi soko la mbuzi.

Huenda akashinda hata hivyo. Tumewahi kuchagua wabaya kumliko, na kwa furaha. Lakini jioni hiyo Rwamba aliposhuka mtoni, Ruguru alisogea ndani ya shimo lake mwenyewe, akampisha. Wakachimba pamoja, viwiko vikigusana, wakisikiliza lori juu ya ukingo, na kungoja kama maji yatakuja.