Pampu ya Darasa la Tano na Mikono ya Shakuru

Kinama nzima, mtaa wetu huu wa Bujumbura, inajua kwamba Shakuru ni fundi wa magari, kwa sababu yeye mwenyewe amemwambia kila mtu. Aliacha shule darasa la sita, na ukimuuliza atakuambia shule ndiyo ilishindwa kumfuata. Kwenye gereji yake, anayejifunza kazi hashiki kitu mwaka mzima: anapitisha spana na kutazama. Na gari likishapona, bolti mbili tatu zikibaki chini, Shakuru huzitia kwenye kopo na kusema hiyo ndiyo alama ya fundi mkubwa. Waliotengeneza gari waliweka nyingi mno.

Mdogo wake, Fadhila, alisoma mpaka mwisho, akawa mwalimu wa darasa la tano kule mtaa wa Mutakura. Mwaka huu akaja na mambo mapya. Watoto hawanakili ubaoni kutwa. Wanatafuta shida moja ya kweli, wanaitatua kwa mikono yao, na hesabu wanazikuta humo humo njiani. Shida waliyochagua ni maji. Shule ina tangi la mvua lililochimbiwa chini, na kila asubuhi watoto wanainama kuteka kwa ndoo ili mboga za lengalenga bustanini zisife. Wakaamua kutengeneza pampu: gurudumu la baiskeli, kamba inayopita ndani ya bomba, na vipande vya mpira wa tairi vilivyofungwa kwenye kamba ili vipandishe maji.

Mwalimu mkuu, Salvator, mtu wa chaki tangu ujana wake, alitoa wiki tatu.

"Ijumaa ya mwisho nakuja," alimwambia Fadhila. "Maji yatoke, na watoto wanieleze wenyewe. Bila hivyo, Madamu, tunarudi kwenye ubao."

Alhamisi saa sita mchana, watoto wakiwa wamekwenda kula, Shakuru alipita kusalimia gurudumu, maana ndiye aliyelitoa. Akalizungusha. Yakatoka matone, kama machozi ya mtu anayelia kwa kulazimishwa. Akatazama huku, akatazama kule. Hakuna mtu. Mikono ikaanza kumwasha.

Kabla watoto hawajarudi alikuwa ameibomoa pampu yote na kuijenga upya. Alikata mipira mingine, akaifunga karibu karibu, akaongeza na bolti moja kubwa pale juu, kwa heshima tu. Maji yakaruka mpaka kwenye lengalenga. Akaondoka akipiga mluzi. Amemwokoa mdogo wake, na akija kushukuriwa atajifanya hajui.

Ijumaa wazazi walijaa uwanjani. Thuwaiba, binti wa miaka kumi na moja, akazungusha gurudumu, maji yakamwagika, watu wakapiga makofi. Shakuru akapiga zaidi ya wote.

"Vizuri," Salvator akasema. "Kwa nini mipira imefungwa karibu hivi?"

Thuwaiba akachungulia bomba.

"Bwana Direkta, mi sijui. Hii haiko yetu. Sisi tulipima shubiri mbili kati ya mupira na mupira. Hapa mutu aliingilia."

"Kwa hiyo yenu iko wapi?"

"Ilikuwa inavuja. Lakini tulishajua kwa nini. Leo asubuhi tungeitengeneza, lakini tulikuta maji yanatoka tayari."

Salvator akafunga daftari. Fadhila aligeuka polepole kumtazama kaka yake, kwa macho yale yale ya marehemu mama yao. Na Shakuru, ambaye hakuomba radhi hata siku ile gari la arusi alilotengeneza lilipokubali kwenda kinyumenyume tu, akasimama.

"Ni mi. Nimekosa, Bwana Direkta. Watoto hawakuniomba. Niibomoe, waijenge wenyewe, na we ukae uone."

"Kwa muda gani?"

Shakuru akafungua mdomo. "Uulize watoto, kaka," Fadhila akamkata. "Pampu ni ya nani?"

"Lisaa limoja," Thuwaiba akasema, akimnyooshea Shakuru kidole. "Lakini mujomba huyu, Tonton, asishike kitu. Apitishe spana tu."

Watu wa Kinama waliokuwepo walicheka mpaka wakashikana mabega.

Basi fundi mkubwa akakalia ndoo, anapitisha.

"Namba kumi, Tonton. Apana, hiyo ni kumi na mbili."

Mara mbili mkono wake ulitoroka kuelekea pampu, mara mbili ukapigwa kofi. Watoto wakapima, wakabishana, wakakata mipira. Mmoja akamweleza Salvator, bila kuulizwa, kwamba mpira mwembamba unaacha maji yateremke pembeni. Mwingine akaongeza kwamba ukifunga mipira karibu mno gurudumu linakuwa zito, ndiyo maana ile ya Tonton ilimchosha Thuwaiba. Salvator akasahau daftari lake juu ya tangi, akavua koti, akashika kamba.

"Bwana Direkta," akaambiwa, "na we upitishe tu."

Maji yakakohoa, yakatema kutu, kisha yakaja yote kwa pamoja juu ya viatu vya Salvator. Akavitazama. Akawatazama watoto.

"Muhula ujao," akauliza, "mnataka kutengeneza nini?"

Fadhila akakaa chini pale pale kwenye tope, na nguo yake ya Ijumaa, anacheka.

Chini ilibaki bolti moja kubwa. Thuwaiba akaiinua. "Na hii, Tonton?"

"Itieni kwenye kopo," Fadhila akajibu. "Aliyetengeneza aliweka nyingi mno."

Siku hizi Shakuru anawaeleza Kinama nzima kwamba tangu Bujumbura ianze, hakuna aliyewahi kupitisha spana kama yeye.