Kadi ya Bluu

Mzee Panya alikuwa na mikono mirefu kiasi kwamba mvua ikinyesha aliweza kufunga dirisha la jirani bila kushuka kitandani. Anayebisha na abishe. Jina la Panya hakupewa kwa sura, ingawa masharubu yalichangia. Alipewa kwa kazi. Kwa miaka kumi na tisa alilisha panya weupe katika chumba cha nyuma cha maabara, akawabadilishia maranda na kuosha vizimba vyao mpaka vidole vikachubuka kwa sabuni. Kusoma hakujua. Alijua rangi za kadi zilizoning'inia kwenye vizimba, na hizo zilimtosha.

"Wifi zangu hawajambo?" dada yake alimuuliza kila jioni, maana kaka mtu hakuwahi kuoa, na panya alikuwa nao wengi.

Dada huyo alikuwa mshonaji. Mfupa wa mguu wake ulioza kwa ndani, akaandikiwa sindano kali za kila siku. Nesi alimwonya kuwa dawa ile hutafuna figo, kwa hiyo apimwe damu kila wiki.

Basi ikawa kwamba mwaka huohuo, kule maabara, panya nao walichomwa sindano ileile. Wa kadi nyekundu walijikunyata, manyoya yakawasimama, wakafa. Wa bluu nao wakaanza kufa vilevile. Wa kijani, walionyweshwa maji ya majani fulani, walinenepa. Mmoja alikoroma kama mjomba aliyeshiba, akaamsha chumba kizima. Majani yenyewe yaliota pale pale kwenye uzio. Mzee Panya akachuma, akachemsha, akampelekea dada yake chupa nzima, naye alikuwa ameshachomwa sindano siku kumi.

Akanywa wiki tatu. Ya pili miguu ilianza kuvimba. Kila siku ya kupima ilipofika hakwenda.

"Nikapimwe nini, na wa kijani wamenenepa?"

Mzee Panya naye akaona ni kweli.

Asubuhi moja mtafiti, binti mwenye miwani mizito, alimpa mfuko wa panya waliokufa. "Mzee, watoe hao wa bluu waliobaki. Wamekwisha."

"Masikini. Laiti nao wangepata majani."

"Walipata. Nilikuwa nawapa mchana, ukiwa huko nje unaosha."

"Mbona wamekufa?"

"Wa kijani walianza kunywa wiki nzima kabla ya sindano. Wa bluu nimewapa figo zikiwa zimeshaanza kuharibika. Labda ni kinga, mzee, si tiba. Tena kwa panya. Kwa watu sijui chochote."

Mzee Panya aliuweka mfuko chini taratibu, kana kwamba waliomo wangeamka. Akaondoka bila kuaga, na mabuti yake ya mpira miguuni.

Alimkuta dada yake kwenye cherehani, mguu mmoja umelowekwa kwenye beseni.

"Leo wifi zangu wamekutaliki?"

"Inuka tukapime."

"Viatu havinienei."

"Vaa vyangu."

Kwa hiyo walikwenda hospitali hivyo, yeye peku, dada mtu ndani ya mabuti yanayonuka maranda. Daktari alisoma majibu ya damu mara mbili. Akasitisha sindano siku hiyohiyo, akasema damu itabidi isafishwe kwa mashine, mara tatu kwa wiki, na hakusema mpaka lini. Wangekuja mapema, alisema, dawa ingebadilishwa mapema. Ndipo Mzee Panya akamweleza dada yake habari za kabla na baada, pale kwenye benchi. Mikono ile mirefu haikuwa na pa kuwekwa.

Dada yake alitazama mabuti.

"Kwa hiyo kadi yangu ni rangi gani, kaka?"

Alitamani kusema kijani. "Bluu," akasema.

"Bluu," akarudia yule mshonaji, akinyoosha gauni lake magotini. "Haijawahi kunipendeza."