Siku Verlin Aliposoma Azimio

Verlin Haugstad alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule miaka na miaka bila kujua kusoma, na katika mji wao mdogo wa jimbo la Dakota Kusini, Marekani, hakuna aliyelijua hilo. Mkewe Arlys alimsomea kila kitu mezani, naye akakishika kichwani. Kwenye mikutano alijipapasa mifuko na kusema, "Jamani, miwani nimeisahau kwenye trekta," na karani akasoma badala yake. Mkulima mkubwa wa ngano kama yule, nani angemdhania?

Arlys alipofariki, mambo yakamwelemea. Akajikaza, akamfuata Noreen Tvedt, mwalimu wa chumba cha kusomea, anayewafundisha watoto ambao herufi zinawagomea. Noreen hakucheka wala hakuuliza ilikuwaje. Kila Alhamisi, watoto wakishaondoka, Verlin alijikunja kwenye kiti cha mtoto na kufuata mistari kwa kidole. Siri ikabaki humo chumbani.

Kisha likazuka suala la Washington. Chumba kile kililipiwa na serikali kuu ya huko, na watu walikuwa wamechoshwa na masharti yake: mitihani, ukaguzi, hadi kipimo cha chumvi kwenye chakula cha watoto. Hoja ikaletwa kwenye bodi kwamba fedha hizo zikataliwe, shule ibaki mikononi mwa jimbo na wenyeji. Siku ya mkutano ukumbi ulifurika.

"Tukiwachekea hawa, mwakani watatuamuru tuwavishe ng'ombe nepi!" alipaza sauti Duane Kopp, jirani yake Verlin. Watu wakaangua kicheko.

"Haya, chekeni," akasema mkuu wa elimu wa wilaya, mama asiyependa porojo. "Ila mjue, fedha zikienda, chumba cha kusomea kinafungwa. Jimbo halijaahidi kuziba hilo pengo."

"Jimbo letu wenyewe litutupe? Thubutu!" Duane akamjibu. "Na hao wavivu wasiotaka kusoma, wakafundishwe na mama zao. Au vipi, mzee Verlin?"

Kura zilikuwa mbili kwa mbili. Ilibaki ya mwenyekiti. Noreen alikaa safu ya nyuma, kikombe cha kahawa mkononi, akimtazama bila kumlaumu wala kumwomba. Verlin alijua la kusema, na lilikuwa fupi tu: hata mimi ni mmoja wa hao wavivu. Lakini alikisikia kile kicheko cha ukumbi mzima kikimgeukia yeye, na uso ukamwaka moto.

"Tukatae," akasema.

Makofi yakavuma. Kwa desturi yao, hoja ikipita mwenyekiti huisoma kwa sauti. Karani akanyoosha mkono apokee karatasi kama kawaida, lakini Verlin hakumpa. Kiburi gani kilimpanda saa ile, Mungu anajua. Alisimama akaisoma mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, hata yale maneno marefu ya kisheria, hata mstari wa kukifunga chumba. Kule nyuma midomo ya Noreen ilicheza pamoja naye, neno kwa neno, kama anavyofanya mwalimu asiyetaka mwanafunzi wake akwame.

Baadaye alimkuta Noreen amesimama kando ya gari lake. Verlin alitamani ardhi ipasuke. Alitegemea atukanwe, na angeshukuru kutukanwa.

"Hukukwama hata mara moja," Noreen akasema, macho yakimng'aa kwa furaha ya kweli. "Arlys angekusikia, angelia."

"Noreen, mimi..."

"Alhamisi uje nyumbani kwangu, basi. Tutakaa jikoni, maana chumba hatuna tena."

Alitaka kuomba radhi. Maneno yalikuwepo, siku hizi angeweza hata kuyaandika, lakini kinywa kilikataa.

"Asante, Mwalimu," ndiyo pekee aliyoipata, akasema ameinamisha kichwa, akiangalia viatu vyake.