Ndani Bado Baridi

Siwezi kula muhogo wa kuchoma wa mtu mwingine. Watu wengi wanautupa kwenye makaa makali, ganda likiungua wanaukwangua, wanaupuliza, wanakupa kwa tabasamu, na wewe ukiuma katikati unakuta ubichi ule ule wa shambani. Mimi huwa naurudisha. Mume wangu anasema ni kiburi. Mimi nasema ni kazi, maana sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimekula mshahara wa jambo hilo moja tu, kuhakikisha moto umefika katikati.

Kazi yangu ni tanuru la chuma. Nilijifunza kwenye kiwanda kimoja Dar es Salaam, na nilipouchoka mji nikarudi Masasi, nikakuta karakana imefunguliwa pembeni, upande wa barabara ya kwenda Newala. Wazee wetu hawakupenda mwanamke asogelee moto wa mhunzi. Mmoja wao alikuja kunitazama, akaona tanuru lina swichi na feni, akasema basi hili si moto wenyewe, akaenda zake. Tangu siku hiyo sikusumbuliwa.

Tanuru letu ni refu kama darasa. Vyuma vinaingia kwa mlango wa nyuma, vinalala juu ya reli mbili, na vinasukumwa kidogo kidogo kuelekea mlango wa mbele. Nje ya mlango huo wa mbele kuna rola, magurudumu mawili mazito yanayozunguka, moja juu ya jingine. Chuma chekundu kikipita katikati yake kinabanwa, kinatoka chembamba na kirefu. Kwa nondo za kujengea nyumba hakuna maajabu. Chuma chake ni laini na chembamba, kinashika moto upesi, na ukikosea kidogo kinakusamehe.

Aliyeshika rola alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba wangu. Kwetu binamu wa namna hiyo ni mtani wako tangu mnazaliwa. Akikutukana hukasiriki, nawe ukimtukana hakasiriki, na anayekasirika ndiye anayechekwa. Mimi ni mkubwa kwake, lakini hakuwahi kuniamkia hata siku moja. Aliniita mke wangu, mbele ya mume wangu, mbele ya shehe, mbele ya watoto wangu. Mama yangu alipofariki kule Mnyambe, alijifunga kanga ya marehemu akalala mlangoni, akasema shangazi hatoki humu mpaka yeye apewe jogoo. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Moyoni nilimshukuru sana, kwa mdomo nikamwita mwizi wa kuku.

Kazini aliiba chakula changu. Nilikuwa naweka bakuli juu ya dirisha la stoo, na mchana nikilifunua nakuta ugali umebaki, samaki hayupo. Nikimuuliza anasema mume hali peke yake na mke hali peke yake, ndoa gani hiyo. Vijana wa karakana walikuwa wanaacha kazi ili wasikilize.

Shida yake ilikuwa miguu. Alikuwa mtu wa kuondoka. Alikwenda Mtwara, akaenda Songea, akavuka Ruvuma akakaa Msumbiji, na kila mara mkewe alibaki na mikorosho na watoto. Rola ndiyo kazi ya kwanza ambayo hakuikimbia. Aliipenda ile kelele, alipenda chuma kikitoka kinang'aa kama kitu kipya. Alijenga nyumba Lisekese, akaezeka bati. Mkewe alikuwa amesema mbele ya pande zote mbili za ukoo kwamba akiondoka tena, yeye anarudi kwao Newala na watoto, na hatafuatwa. Karakana nzima ilijua hivyo, naye mwenyewe alilitania jambo hilo, lakini nilimwona akisema utani huo macho yake hayacheki.

Ndipo yakaja yale magogo. Tuliyaita hivyo kwa sababu hatukuwa na jina lingine: vipande vya chuma vinene kama paja la mtu mzima, si chuma cha nondo bali chuma kilichochanganywa na madini mengine ili kiwe kigumu, cha kutengenezea springi za malori. Mwenye karakana alitukusanya akatwambia kwamba nondo zinazoletwa kutoka Dar zinamshinda kwa bei. Kazi hii ya springi ikifaulu, rola zitaendelea kuzunguka. Ikishindikana, ataziuza, tutabaki kuchomelea mageti. Mimi naweza kuchomelea mageti. Binamu yangu alitazama chini.

Chuma cha namna hiyo hakitaki haraka, na kinene zaidi ndiyo kabisa. Ukikipiga moto mkali kingali baridi, ngozi yake inataka kutanuka na tumbo lake halijapata habari, hapo kinapasuka kwa ndani na wewe wa nje huoni kitu. Kwa hiyo mwanzoni unakipa joto dogo, unakiacha. Kikishaanza kuwa chekundu unaongeza moto. Mwisho unakilaza mbele pale, moto haupandi wala haushuki, mpaka joto la nje na la ndani liwe sawa. Kuna kipima joto ukutani, lakini kile kinapima hewa ya tanuru, hakipimi tumbo la gogo. Mimi natazama vivuli. Pale gogo linapokalia reli, joto linachelewa, kwa hiyo linakuwa na mistari miwili myeusi. Mistari ikifutika, gogo zima likawa na rangi moja, limeiva.

Siku ya gogo la kwanza, mwenye karakana alikuwa amekwenda kumpokea mnunuzi wa springi. Binamu yangu alitaka wakifika wakute chuma kimeshanyooshwa, kimelala chini kinasubiri kusifiwa. Mimi nilikuwa nimewasha asubuhi moto mdogo wa oili chafu, nikawaambia wote kwamba leo ni siku ya kukaa. Nikaenda nyuma kurekebisha feni.

Niliporudi nilinusa kabla ya kuona. Moshi wa maganda ya korosho unauma macho, na mtu wa huku haufananishi na mwingine. Sisi huwa tunayaleta kutoka Newala kwa magunia, kwa ajili ya kuanzishia moto tu, kwa sababu yana mafuta na yanawaka kwa hasira. Binamu yangu alikuwa amemimina magunia kadhaa kwenye chemba ya moto. Kila mtu huku amekulia karibu na maganda hayo, na hakuna anayeyaogopa. Tanuru lilikuwa linanguruma.

Nilichungulia. Gogo lilikuwa jekundu, zuri kabisa kwa asiyejua. Mistari miwili ya reli ilikuwa imekaa juu yake, myeusi. Halafu nikasikia ndani ya moto mlio mmoja mdogo, kama kijiti kinavunjika. Niliujua mlio huo tangu Dar.

"Halijaiva," nikasema. "Ndani bado baridi. Na limeshapasuka, nimelisikia."

"Mke wangu ameanza," akasema. "Kila siku ananinyima chakula, leo ananinyima na chuma."

Vijana wakacheka.

"Nakwambia usilitoe. Likiingia kwenye rola litafumuka, litakuvunja."

"Likinivunja utapika uji uniletee. Kwanza hujui kupika, nitakufa kwa uji wako, si kwa gogo."

Wakacheka zaidi. Nikapandisha sauti. Nikamwita mjinga, nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, na yote yalikuwa ya kweli. Lakini hayo ndiyo maneno tuliyokuwa tukiambiana kila siku. Nilikuwa na hasira ya kweli na sikuwa na mahali pa kuipeleka, maana kadiri nilivyokasirika ndivyo utani ulivyozidi kunoga. Kijana aliyekuwa na koleo la pili alikuwa anajifuta machozi ya kicheko wakati wanalivuta gogo nje.

Liliingia kwenye rola vizuri. Kichwa chake kilipotokea upande wa pili kilikuwa kimeachama, kimegawanyika juu na chini kama mdomo, na nusu moja ikajipinda pembeni ilikosimama miguu ya binamu yangu. Alianguka bila kupiga kelele. Kelele niliipiga mimi, nikazima rola.

Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti na ukaungua. Tulimpeleka Mkomaindo hospitalini kwenye gari lile lile ambalo mwenye karakana alikuwa ndiyo kwanza anafika nalo na mnunuzi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nimekishika kichwa cha binamu yangu mapajani, na bado nilikuwa na hasira naye. Huruma ilikuja baadaye.

Kesho yake nilimpelekea uji. Nilikuwa nimeshaandaa la kusema, nilidhani atauonja na kufa kwa utani mbele ya manesi. Nilipofika kitandani akajiinua kidogo.

"Shikamoo dada," akasema.

Ilibidi niitikie. Hakuna mtu anayeachiwa shikamoo hewani.

"Marahaba," nikasema. "Unajisikiaje?"

"Namshukuru Mungu. Dada, nisamehe. Ulinieleza vizuri kabisa."

Akanywa uji wote, akanishukuru. Mkewe alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama rola zitauzwa. Nikamwambia bado kuna magogo mengine.

Mwenye karakana hakuwa mtu mbaya. Alisema magogo yaliyobaki yapitishwe kama ninavyotaka mimi, na kama yakitoka salama, binamu yangu atahifadhiwa nafasi yake, akirudi akae kwenye swichi ya rola, kazi isiyohitaji mguu. Kama yasipotoka salama, hakuna swichi wala rola.

Nikapiga marufuku maganda. Nikawasha moto mdogo kulipokucha, nikavuta kigoda, nikakaa. Waliokuwa wanashika rola badala ya binamu yangu walisimama kimya kama wako msikitini. Gogo likapata joto, likanyamaza. Likaanza wekundu mzito wa damu iliyoganda, nikaongeza oili kidogo. Adhuhuri ikapita. Nililifikisha mbele, nikalilaza, nikachungulia, mistari ya reli ipo. Mwenye karakana akaja akasimama nyuma yangu, akaondoka, akarudi. Nilichungulia tena. Mstari mmoja ulikuwa umefifia, wa pili upo. Niliogopa sana wakati ule, naweza kusema hivyo sasa. Niliona kabisa mke wa binamu yangu anafunga mizigo Lisekese. Mkono wangu ulitaka kuongeza moto, nikaukalia.

Jua lilipoelekea kushuka, gogo lote lilikuwa rangi moja ya chungwa, huoni reli ilikuwa wapi.

"Toeni," nikasema.

Likapita kwenye rola kama unga uliokandwa. Likarudi, likapita tena, likarefuka, likanyooka. Hakuna aliyeshangilia. Mnunuzi alikuja baadaye akakata vipande, akavipinda, akaagiza vingine.

Binamu yangu alirudi na gongo la kutembelea kwapani. Akapewa kiti na swichi. Kila asubuhi aliniambia shikamoo dada, nikaitikia marahaba. Nikisema subiri, alisubiri. Nikisema washa, aliwasha. Bakuli langu lilikaa juu ya dirisha la stoo mpaka mchana, na samaki alikuwemo mzima, ananitazama. Vijana nao wakajifunza adabu kutoka kwake. Miaka yote nilikuwa nimetaka karakana inisikilize, na sasa ilikuwa inanisikiliza, nami sikuipenda hata kidogo. Nyumbani nilikuwa natoka mapema kidogo kuliko desturi, na jioni narudi sina la kumsimulia mume wangu. Yeye mwenyewe aliuliza siku moja, yule mume mwenzangu vipi, mbona kimya. Nikamwambia ale chakula chake.

Mimi si mtu wa kuanzisha utani. Siku zote alianza yeye, mimi nikajibu. Lakini ilifika asubuhi moja, tunasubiri gogo, moto bado mdogo, yeye amekaa kwenye kiti chake, na gongo ameliegemeza ukutani. Ameshaniamkia. Nikainuka, nikalichukua lile gongo, nikaenda nalo mpaka mlango wa tanuru. Nikaufungua. Joto likatoka likanipiga usoni.

"Mume wangu," nikasema, na neno hilo sikuwahi kumwambia maishani, "kuni zimeniishia. Hili naliweka."

Vijana wakaganda. Mmoja akapiga hatua kunizuia, akasita. Binamu yangu alinitazama, akatazama gongo lake, akatazama mguu wake. Mkono ulikuwa unaniungua lakini sikuurudisha.

"Subiri kwanza, mke wangu," akasema mwishowe. "Wewe una haraka sana. Tanuru lenyewe hilo, ndani bado baridi."

Nikaufunga mlango. Nikamrudishia gongo lake, nikaenda kuosha uso. Mchana nilipofunua bakuli, samaki hayupo.